Pikapu zipimwe kwa ekseli na springi zake, si kwa injini pekee

Kwako Mhariri,

Kurasa za magari za gazeti lako huzipima pikapu kwa nguvu ya injini, ukubwa wa skrini na kimo cha gari kutoka ardhini. Ninazisoma kwa makini na ninaziheshimu, lakini naona zinaacha mambo mawili ambayo, kuliko injini, ndiyo huamua kama gari litamchosha abiria na kama litavuka njia mbovu. La kwanza ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. La pili ni namna magurudumu yalivyofungwa kwenye chasisi. Naomba nafasi nieleze.

Suzuki Jimny ya milango mitatu, ambayo si pikapu lakini inafaa kwa kulinganisha, ina milimita 2,250 kati ya ekseli zake. Toyota Hilux ya milango minne ya kizazi kilichotoka 2015 ina 3,085, na Ford Ranger ya kizazi cha sasa ina 3,270. Magurudumu ya mbele yakipanda kizingiti cha sentimita 20, hilo gari fupi huinua pua kwa nyuzi 5 hivi, ilhali Ranger huinuka kwa nyuzi 3.5 tu, na tofauti hiyo, ikirudiwa katika kila shimo na kila tuta, ndiyo inayomfanya abiria wa gari fupi atikiswe mbele na nyuma safari nzima. Kwa hiyo gari refu hutulia zaidi katika mwendo wa kasi, na hata katika mpando mkali uzito wake hauhamii nyuma kwa wingi kama wa gari fupi.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba tuta moja hulipiga gari mara mbili, kwanza mbele, kisha nyuma. Katika mwendo wa kilomita 72 kwa saa, gari lenye mita 3.2 kati ya ekseli hupigwa nyuma baada ya sekunde 0.16. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi General Motors katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba springi za nyuma zikicheza kwa kasi inayozidi kidogo ile ya springi za mbele, upande wa nyuma, ambao huanza kucheza ukiwa umechelewa, huufikia ule wa mbele, na bodi hupanda na kushuka ikiwa sawa badala ya kuinamisha na kuinua pua. Pikapu isiyo na mzigo hupitiliza kanuni hiyo. Springi zake za nyuma zimepangiwa kubeba uzito unaoweza kuzidi maradufu pale inapopakiwa tani moja, hivyo ikiwa tupu huwa ngumu mno na nyuma hurukaruka. Haya si makosa ya utengenezaji. Ndiyo gharama ya kulifanya gari moja libebe mzigo leo na familia kesho, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla hajalipa.

Urefu huo unaotuliza safari hugeuka kuwa adui nje ya barabara. Mfano mzuri ni Jeep Wrangler Rubicon ya milango miwili na pikapu ya Jeep Gladiator Rubicon, kwa kuwa zote mbili zina ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na springi za koili, yaani za chuma kilichozungushwa, mbele na nyuma. Wrangler, yenye milimita 2,460 kati ya ekseli, inaweza kuvuka kilele chenye pembe ya karibu nyuzi 28 bila kugusa tumbo. Gladiator, yenye takriban 3,490, huishia kwenye nyuzi 20 hivi. Gari refu pia huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kugeuka, jambo ambalo dereva hulitambua vizuri anapokuwa kati ya miti miwili.

Kuhusu ufungaji wa magurudumu, pikapu nyingi za kazi zina springi za majani nyuma, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Wanaozidharau wanasahau kwamba vyuma hivyo hufanya kazi mbili, kubeba mzigo na kuishikilia ekseli mahali pake, tena vikichoka hurekebishwa kwa vifaa vya kawaida. Udhaifu wake ni msuguano kati ya jani na jani, unaozifanya zigome kucheza kwenye matuta madogo, na tabia ya kujipinda dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu hadi ekseli ikaanza kudunda. Koili huondoa mengi ya hayo, lakini huhitaji mikono ya kuishikilia ekseli na lazima zipangwe kwa uangalifu kwa ajili ya mzigo: Nissan walipoziweka nyuma ya Navara ya milango minne, iliwabidi wazirekebishe zaidi ya mara moja katika soko la Australia.

Upande wa mbele, ekseli nzima ina faida kwenye mawe, kwa sababu gurudumu moja likisukumwa juu hulisaidia la pili kushuka, na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia, hupanda pamoja na ekseli. Magurudumu ya mbele yanayocheza kila moja peke yake humpa dereva usukani mtulivu na uzito mdogo unaorukaruka chini ya springi, lakini yanapobanwa juu, tumbo la gari husogea karibu na ardhi wakati ule ule ambapo nafasi inahitajika zaidi. Stabilaiza, chuma kinachounganisha springi za kushoto na za kulia, nayo hupunguza kulala kwenye kona na hapo hapo huzuia magurudumu kufuata mashimo.

Nasikitika kuona wamiliki wakinyanyua pikapu kwa sababu tu ya mwonekano. Kimo kinachoongezwa huongeza pembe ya tumbo, ni kweli, lakini pia hupandisha kitovu cha uzito na kuvilazimisha viungo vya kuzungusha magurudumu ya mbele vifanye kazi katika pembe kali vinamochakaa haraka. Mara nyingi shokomzoba bora, zisizopoteza nguvu zikipata joto kwenye barabara ya makunyanzi, pamoja na kupunguza upepo wa tairi kwa kiasi, vingeleta nafuu kubwa zaidi.

Ombi langu ni kwamba kila pikapu inayochambuliwa katika gazeti hili ichapishiwe umbali kati ya ekseli, pembe inazoweza kuvuka bila kugusa ardhi mbele, tumboni na nyuma, aina ya springi kila upande, na uzito inaoruhusiwa kubeba. Kisha iendeshwe mara mbili katika njia ile ile, kwanza ikiwa tupu na baadaye ikiwa na nusu ya mzigo huo, mwandishi mmoja akiwa ameketi kiti cha nyuma.

Msomaji wako.