Vijana wa Kisauni wapigwa bao na umbali

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wako mmoja aliwashauri vijana wanaolalamikia kuchelewa kwa gemu za mtandaoni wanunue kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Naomba nafasi nimjibu, kwani ushauri huo niliufuata mimi na ukanila pesa.

Nina chumba cha gemu huku Kisauni: pleisteshoni sita, kompyuta nne, feni mbili na friji ya soda. Kila jioni ilikuwa kelele ile ile. "Mama, nimempiga mimi kwanza, halafu nimekufa mimi!" Nikadhani mtandao wangu ni mdogo. Nikatoka megabiti 20 za data kwa sekunde nikapanda hadi 60, bili nayo ikapanda. Video zikawa zafunguka kabla hujaondoa kidole. Gemu ikabaki vile vile: pingi 150 kabla, pingi 150 baada.

Pingi, kwa asiyeijua, ni muda wa ujumbe kwenda kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha gemu, na kurudi, ukihesabiwa kwa milisekunde, na milisekunde elfu moja ndiyo sekunde moja. Seva ndiyo refa wa mchezo, na refa wetu alikuwa amekaa Frankfurt. Mwanga ndani ya waya wa faiba hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde, na hakuna kampuni yenye mwanga wa mbio zaidi wa kukuuzia. Tena waya hauruki kama ndege. Kutoka hapa wapita chini ya bahari, uzunguke Pembe ya Afrika, upande Bahari ya Shamu, utokee Mediterania ndipo uingie Ulaya. Hata ukiipanua barabara ya Nairobi iwe na njia nane, Voi haitasogea.

Kwenye skrini ya picha 60 kwa sekunde, milisekunde 150 ni picha tisa. Kijana wa Ujerumani anayecheza jirani na refa ameshaona, ameshabonyeza, ameshaondoka. Wetu kwenye skrini yake ameshajificha nyuma ya ukuta, lakini kwa refa bado yuko nje.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu anayesomea kompyuta. Aliingia kwenye mipangilio ya gemu, akabadilisha seva kutoka Ulaya kwenda Johannesburg, pingi ikashuka hadi 65. Hakuniongezea hata megabiti moja. Wiki hiyo sikusikia kelele.

Kisha Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika upande wa Afrika Kusini. Mtandao wote ulisuasua, hilo kila mtu alilijua. Uliporudi kidogo, mpwa wangu alinionyesha Johannesburg ikisoma pingi zaidi ya 300. Ujumbe wetu ulikuwa umepanda hadi Ulaya ukashuka kwa pwani ya magharibi ya Afrika, safari ya kwenda kusini kwa kupitia kaskazini.

Kuna gemu nyingine seva yake iko Bahrain. Nikafurahi, maana Bahrain ukiitazama kwenye ramani ni karibu kuliko Frankfurt, na pana waya wa TEAMS unaotoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Kumbe! Mpwa akafuatilia njia kituo kwa kituo, akakuta ujumbe wetu wapitia Marseille, Ufaransa, kisha warudi Ghuba. Babu zetu walipanda jahazi wakati wa kusi wakafika Maskati bila kuijua Ufaransa iko wapi. Njia hupangwa na mikataba ya makampuni, kila mmoja akipitisha mizigo yake alikokubaliana na mwenzake.

Najua wenye gemu watasema hatuko wengi wa kutosha kuwekewa seva yetu. Kwa gemu ya wachezaji 100 nakubali: ukitugawa peke yetu, saa tano usiku utangoja mechi mpaka usinzie. Lakini ziko gemu, kama Counter-Strike, ambazo mtu yeyote aweza kujiwekea seva. Likizo ya Desemba tulikodi mashine ya kuwa seva Nairobi tukafanya mashindano. Chumbani kwangu pingi ilikuwa 12. Nimewaona vijana wakicheka hata walipofungwa.

Ila wanne waliocheza kutoka kwao kwa mtandao wa kampuni nyingine, ambayo sitaitaja, walikuwa na pingi zaidi ya 200. Kutoka Kisauni kwenda Nairobi! Ujumbe wao ulikwenda Ulaya kwanza. Na kituo cha KIXP, ambako makampuni ya intaneti hubadilishana ujumbe, kilianzishwa Nairobi mwaka 2000 hasa ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya mwenzake usitoke nje ya nchi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaouza intaneti: kwenye yale mabango yenu, pembeni ya megabiti, andikeni pia pingi ya kwenda Nairobi, Johannesburg na Frankfurt, tujue twanunua nini. Na wanaoandaa mashindano ya vijana likizo ya Agosti, msiwapeleke watoto kuchezea Ulaya. Kodini mashine Nairobi. Mpwa wangu yuko tayari kuja kuwawekea, atataka nauli tu.

Mwenye chumba cha gemu,
Kisauni, Mombasa