Barua ya Wazi kwa Mhifadhi Mkuu wa Misitu: Mita Mia Moja za Mwisho Kabla ya Maporomoko

Mheshimiwa Mhifadhi Mkuu,

Ninakuandikia hadharani kuhusu njia ya miguu inayowafikisha wageni kwenye maporomoko ya maji msituni, hasa mita mia moja zake za mwisho, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia na ndipo msitu unapoharibika. Sehemu iliyotangulia haina neno: imepita kivulini, ina mizizi ya kujikwaa hapa na pale, na mtu mwenye pumzi ya kawaida huimaliza kwa muda mfupi. Ufupi huo ndio unaowaponza wageni. Wanakuja na malapa, wamebeba watoto mgongoni, wakidhani ni matembezi ya bustanini, kisha wanakutana na mteremko mkali pale pale ambapo ardhi haikauki.

Mteremko huo umechorwa vibaya. Njia inashuka moja kwa moja badala ya kukata ubavu wa mlima kwa kupindapinda, na kwa hiyo kila mvua huigeuza mfereji: udongo unasombwa, mizizi inabaki wazi, wageni wanakwepa utelezi kwa kukanyaga pembeni, na njia iliyotosha mtu mmoja inazidi kupanuka. Kumwaga kokoto hakusaidii, maana nazo husombwa. Tunaomba njia ichorwe upya kwa mizunguko, iinamishwe kidogo kuelekea bondeni ili maji yatoke kabla hayajapata nguvu, na penye mwinuko mkubwa zijengwe ngazi za mawe.

Tunaomba pia njia hiyo iishie kwenye jukwaa la kutazamia, isifike ukingoni mwa bwawa. Najua ombi hili halitawafurahisha wengi, nami ni miongoni mwa wanaopenda kusimama karibu hadi uso ulowe. Lakini ukanda unaoloweshwa na rasharasha huwa mwembamba sana, na viumbe wengine hawana makao mengine. Chura wa Kihansi nchini Tanzania, aliyegunduliwa mwaka 1996, aliishi katika eneo dogo tu lililoloweshwa na maporomoko ya Mto Kihansi. Maji yalipoelekezwa kwenye uzalishaji wa umeme, rasharasha zikapungua mno, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kisa chake hakikuanza na nyayo za wageni, ila kinatuonyesha jinsi makao ya namna hiyo yalivyo madogo. Makangaga na ukoga wa mwambani vikikanyagwa kila wikendi, haviwezi kupata nafasi ya kuota tena.

Kuhusu usalama, kibao kilichopo sasa kinasema tu kwamba kuogelea ni hatari, na wageni wanakisoma huku wakivua viatu. Watu hutii katazo wanapoelezwa sababu yake. Kiandikwe basi kwamba maji yaliyojaa mapovu chini ya poromoko hayambebi mwogeleaji kama maji matulivu, na kwamba mkondo wa hapo unaweza kumrudisha mtu chini ya maji yanayoanguka kila anapojaribu kutoka. Kiandikwe kwamba mvua inaweza kunyesha juu mlimani ilhali bwawani jua linawaka, na kwamba maji yakianza kugeuka rangi ya tope, yakaleta majani na vijiti, au mvumo wake ukawa mzito kuliko dakika chache zilizopita, mtu apande juu mara moja bila kurudi kuchukua mzigo. Na kibao hicho kisiwekwe bwawani, ambako mgeni amekwisha kuamua, bali mwanzoni mwa njia, mahali ambapo bado anaweza kubadilisha viatu au kuahirisha safari.

Kabla hujaamua, Mheshimiwa, tafadhali uje uushuke mteremko huo mwenyewe mara tu mvua inapokatika. Tuko tayari kufuatana nawe, na kazi ikianza tutabeba mawe ya ngazi.

Wako mtiifu,
Mmoja wa wanaoitembea njia hiyo