Nairobi ya kale yataka Jumatano

Mhariri,

Kila likizo ikikaribia, ratiba za "siku moja Nairobi" husambazwa kwenye simu, na karibu zote zina kosa moja: zinawapeleka wageni mjini Jumapili asubuhi, makanisa matatu kabla ya saa sita. Aliyepanga hivyo hajasimama mlangoni pa Holy Family misa moja ikitoka na nyingine ikiingia. Hapo huangalii dari, unatafuta pa kuweka mguu. Isitoshe, Jumapili Hifadhi ya Nyaraka za Taifa imefungwa.

Jumamosi ni ya maharusi. Ijumaa adhuhuri barabara zinazouzunguka Msikiti wa Jamia hufurika waumini. Jumanne na Alhamisi, tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024, wenye maduka mjini husikiliza redio kwanza kabla ya kufungua. Jumatatu magari hayasogei. Sisi tunaowatembeza watu husema Jumatano.

Anzeni ulipoanzia mji wenyewe, kwenye reli iliyofika hapa mwaka 1899. Jumba la Makumbusho ya Reli liko nyuma ya stesheni, na saa mbili unusu asubuhi huwa tulivu. Wengi hukimbilia kupiga picha na garimoshi kubwa la Mount Gelai, wakapita behewa namba 12 bila kuliangalia. Ndilo alimolala Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900, akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Simba aliingia behewani, akamtoa dirishani. Simameni nje, mlipime dirisha hilo kwa macho, ndipo mtaelewa.

Kutoka hapo fuateni Moi Avenue hadi Hifadhi ya Nyaraka, jengo lililokuwa benki. Ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais. Kisha KICC. Jumba hilo la mikutano, la ghorofa 28, lililokamilika mwaka 1973, lina paa linalopandika kwa ada, na ni la asubuhi: mchana ukungu na moshi wa magari huyala mandhari yote. Bebeni kitambulisho, kwa maana bei ya mwananchi na ya mgeni si moja, na salio la M-Pesa liwepo kabla hamjafika dirishani.

Holy Family iko ng'ambo ya barabara tu. Iingieni kabla ya misa ya mchana, ambayo hujaza watu wa ofisini. Watu hutarajia kanisa la kizungu la kale, wakakuta zege tupu lililopaa juu, kazi ya msanifu Dorothy Hughes, lililofunguliwa mwaka 1963, wakavunjika moyo. Hawana haki. Kaeni kwenye benchi la nyuma dakika kumi, kelele za City Hall Way zikiisha masikioni, muone zege linavyoweza kuwa la heshima.

Jamia na maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ziko pua na mdomo. Asiye Mwislamu aombe ruhusa langoni, avue viatu, na akina mama wawe na mtandio. Chakula cha mchana kiwe chepesi, sambusa mbili na chai, kisha mketi katika bustani ya Jeevanjee mwasikilize wahubiri wa saa saba. Ni kanisa jingine la siku hiyo, ila halina paa.

All Saints, kanisa kuu la Kianglikana, ndilo la kuangaliwa kwa utulivu. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1917, na kanisa halikuwekwa wakfu hadi 1952. Mpitie pembeni mwa Uhuru Park, palipoitwa Freedom Corner, ambapo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula mwaka 1992 pamoja na Wangari Maathai. Walipopigwa na kufukuzwa na polisi, walihifadhiwa chini ya kanisa hili, na baadhi yao wakakaa humo karibu mwaka mzima. Miaka mitano baadaye, Saba Saba (Julai 7) ya 1997, polisi waliwafuata waandamanaji hadi ndani ya kanisa. Vioo vya rangi vitawavuta macho, lakini ombeni mwonyeshwe huko chini pia. Nasi tuna ombi kwa wanaotunza makanisa haya: bango dogo langoni lenye saa za ibada na saa za wageni. Mtu asilazimike kumwuliza mlinzi ambaye naye hajaambiwa.

Chakula cha jioni ni Kenyatta Market, mwendo wa nusu saa na zaidi mkipanda mtaa wa Community na kuipita Hospitali ya Kenyatta, au matatu. Mbuzi huchaguliwa akiwa ananing'inia na kupimwa akiwa mbichi, mifupa ikiwemo, kwa hiyo kilo moja hutosha wawili wenye njaa, si wanne. Changanyeni mbavu na mguu: mbavu huiva upesi, mguu hutaka moto mdogo. Agizeni, kisha msubiri dakika 45 hadi saa nzima. Atakayesema "fanya haraka" ataletewa nyama iliyochomwa nusu tangu mchana na kurudishwa motoni, nje nyeusi, ndani kama mkanda. Wakati wa kusubiri kuna mutura, utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa. Kachumbari na ugali vije nyama ikishafika ubaoni, la sivyo ugali utapoa.

Wingu likijikusanya upande wa Ngong, lipeni mwondoke. Tone la kwanza likianguka, nauli hupanda kabla hamjafika stejini.

Waongozaji wa matembezi ya mji,
Ngara, Nairobi