Zile sekunde tisa

Shosti wangu,

Mambo vipi huko Iringa, baridi imekuzoea? Meseji yako ya ile jioni ya tarehe 13 Februari niliiona tukiwa bado studio ya redio, "mbona kimya, bando langu limekata au?", sikukujibu mana sikuwa na maneno. Bando lako lilikuwa zima shosti. Ni sisi tulikaa kimya, hewani, sekunde tisa, nimezihesabu kwenye rekodi mara tatu. Na wewe ulikuwa unatusikiliza kwa intaneti ambayo inachelewa, kwaio meseji yako inafika sisi tulishaanza kuongea, afu naisoma ndo moyo unazidi kwenda mbio upya. Leo nina nafasi acha nikusimulie vizuri.

Tulikuwa watu sita. Watangazaji wawili, kaka wa mitambo, dada wa simu na meseji, ripota mmoja, na mimi prodyuza. Kipindi cha saa moja, saa kumi mpaka kumi na moja jioni, na ikifika kumi na moja taarifa ya habari inaingia yenyewe kutoka kwenye kompyuta, uwe umemaliza sentensi yako au hujamaliza. Siku tulichaguliwa na mwalimu, Siku ya Redio Duniani, akatuambia tarehe ile imewekwa kwa sababu ndo redio ya Umoja wa Mataifa ilianzishwa, mwaka 1946. Mada tukachagua wenyewe, mageto, vile vyumba wanafunzi tunavyopanga mtaani. Unakumbuka mwaka wa kwanza tulivyolala wanne chumba kimoja kule Ng'ong'ona mana mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na bumu, hela ya mkopo, halijaingia? Nlitaka hilo lisikike, na nlilitaka kwa uchungu kabisa.

Wiki tatu tunaandaa. Mtiririko niliandika mimi, dakika kwa dakika, jingo, kile kimuziki cha kipindi, inaingia saa ngapi, mgeni anakaa dakika ngapi, sauti za wanafunzi ambazo ripota alizirekodi mtaani zinapigwa wapi, na dakika tatu za mwisho nilizihesabu kwa kurudi nyuma, yaani unaanza na saa kumi na moja kamili unatoa urefu wa jingo ya kufungia, unatoa shukrani, ndo unajua mtangazaji aanze kuaga dakika ya 57. Nakala sita, kila mtu na yake. Tuligombana kidogo na mtangazaji wa kike, alitaka karatasi iwe na pointi tu aongee mwenyewe, mimi nataka maswali yaandikwe yote. Nilishinda. Sahivi naona nlikuwa nashinda kwa sababu ya cheo tu.

Saa tisa na nusu mvua hiyo. Unaijua mvua ya Dodoma ikiamua, korongo lililokuwa na mchanga asubuhi linageuka mto. Mgeni wetu, mwenyekiti wa mtaa, akapiga simu kwamba bodaboda haiwezi kuvuka na yeye hawezi kuvuka, tumsamehe. Na studio yetu kuta zote tumebandika trei za mayai na mablanketi ila juu ni bati shosti, bati tupu, kwenye hedifoni ile mvua ilikuwa kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia bila kuacha. Mimi nimeshika karatasi yangu. Kaka wa mitambo hakuniuliza kitu, akaingia ndani, akasogeza maiki zote mbili mpaka zikabaki ngumi moja tu na midomo yao, akawaonyesha kwa ngumi yake mwenyewe, "hapa, msirudi nyuma", akarudi mezani akashusha sauti za maiki zote. Mtu akiwa karibu na maiki sauti yake inajaa yenyewe, kwaio ukishusha, mvua inashuka ila yeye anabaki. Nikavaa hedifoni, nikasikia mvua imeenda mbali kama iko Kilimani huko. Nilitamani nimkumbatie.

Tukaanza. Nafasi ya mgeni tukaijaza na sauti za mtaani, zikaisha mapema. Nikamwonyesha mtangazaji ishara ya kuvuta, ile ya mikono kama unatanua mpira, mana nyuma ya kioo huwezi kuongea, ni mikono na macho tu. Akavuta. Dada wa simu akanyoosha kidole kimoja, kuna mtu laini namba moja. Nikasema mpe.

Ni mama mmoja, mwenye nyumba. Akasema tu "mimi ndo hao mnaowasema" na hapohapo ikaanza kupiga mwangwi, amewasha redio pembeni ya simu, tunasikia sauti yake mara mbili mbili afu mluzi, mtangazaji akamwambia mama punguza redio, akapunguza, afu simu ikakata. Kimya.

Kwenye mtiririko wangu hapo hapakuwa na kitu. Watangazaji wote wawili wananitazama mimi kwenye kioo, mimi natazama karatasi. Mvua tu inasikika kwa mbali. Moja, mbili, tatu, sikujua sekunde ni ndefu vile. Kaka wa mitambo ameshika kitufe cha jingo ananisubiri niseme, na mimi ndo nlikuwa nimewazoesha hivyo, kwamba kila kitu wasubiri niseme.

Aliyetutoa ni ripota. Ambaye kazi yake ilishaisha, alikuwa amekaa chini kwenye kona anakausha viatu. Akafungua mlango wa ndani taratibu, pekupeku, akaweka daftari lake mbele ya mtangazaji akagusa mstari mmoja kwa kidole. Mtangazaji akasoma, "kuna mwanafunzi wa mwaka wa pili alituambia anadaiwa umeme wa miezi minne ulioachwa na watu waliohama usiku". Hiyo sauti mimi ndo niliikata kwenye maandalizi, niliona haisaidii upande wetu.

Dada wa simu wakati huo ameshampigia yule mama, amemwambia redio azime kabisa asikilize kwenye simu. Akarudi hewani. Akasema anataka miezi sita kwa sababu likizo ikifika vyumba vinabaki tupu na yeye hana pensheni, nyumba ndo shamba lake. Akasema kuna wanafunzi wawili aliwahi kuwakubalia walipe mwezi mwezi mpaka wakamaliza chuo na hakuna siku walimsumbua. Mtangazaji wa kike akaacha maswali yangu yote akamuuliza, mama, ukikaa na mwanafunzi unajuaje huyu ni wa kumwamini? Wakaongea dakika saba. Wanafunzi wakaanza kupiga kumjibu, kwa heshima kabisa, wengine wanataka namba.

Wiki tatu shosti, watu sita, na hakuna aliyesema tumwalike mwenye nyumba hata mmoja. Mimi ndo sikuacha nafasi ya mtu kusema.

Tuliaga dakika ya 57, jingo ikaisha, habari ikaingia. Hakuna aliyepiga kelele, tulikaa tu, kaka wa mitambo akatoa mkono mezani nikaona umetoa alama za jasho. Kesho yake tukasikiliza rekodi yote pamoja na nikawaomba radhi, nikasema mtiririko wa kipindi kinachofuata tuuandike wote na kila mtu awe na ruhusa ya kuokoa bila kunisubiri.

Kinachofuata ni hukohuko mageto, sehemu ya pili, yule mama amekubali kuja studio. Nataka na sauti ya Iringa. Nirekodie dakika moja kwenye simu unalipaje kodi huko, ila ingia chini ya blanketi ukirekodi, mwangwi wa chumba unaisha kabisa. Nitumie kabla ya Alhamisi. Na zabibu zimeanza, nikipata mtu wa basi nakutumia.

Ni mimi shosti wako wa Dom