Harusi mbili, na Mama Mdogo kati yake

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, mvua imekatika, na Mama Mdogo bado yupo. Alikuja kwa wiki moja na huu ni mwezi wa pili. Simlalamikii, maana bila yeye barua hii ingekuwa fupi, kama utakavyoona.

Nimezisikiliza zote mbili ulizonitumia, Les Noces (yaani Harusi) ya yule Mrusi Stravinsky na Appalachian Spring ya Mmarekani Copland. Umeniandikia kwamba zote ni bale za harusi, yaani muziki wa kuchezewa dansi jukwaani, zote zimechota kwenye nyimbo za wenyeji, ila ya Copland ni asali na ya Stravinsky ni kelele za karakana. Karakana nakubali. Siku ya kwanza nilipoifungulia sauti, jirani alichungulia dirishani kuuliza kulikoni. Lakini hiyo asali yako nina neno nayo.

Copland aliitunga kwa ajili ya mcheza dansi Martha Graham, ikachezwa mara ya kwanza tarehe 30 Oktoba 1944 katika ukumbi wa Maktaba ya Bunge, Washington. Mahali pa wapiga muziki palikuwa padogo, ndiyo maana ilianza na watu 13 tu: filimbi, klarineti, basuni, piano, waliobaki wote fidla na jamaa zake. Wewe umenitumia ile aliyoitanua baadaye kwa okestra nzima. Itafute ya watu 13, shoga, imekonda na inapendeza zaidi. Hata jina si lake. Yeye aliiita tu bale ya Martha. Graham ndiye aliyeokota jina ndani ya shairi la Hart Crane, na neno spring kwa Kiingereza lina maana mbili: katika shairi lile linalotajwa ni chemchemi ya maji, si majira ya mwaka ya kuchipua. Watu wakawa wanamfuata Copland kumwambia wanavyoiona milima ya Appalachia na majani yakichipua kila wanapousikia muziki wake. Masikini, alipokuwa akitunga hakuwa na habari ya milima wala majani.

Sasa ule wimbo unaoupenda, ule ambao klarineti inauleta taratibu kama mtu anayebisha hodi. Huo ni wa Washaker, watu wa dini waliopata jina lao kwa jinsi walivyotikisika wakisali. Ulitungwa mwaka 1848 na mzee wao mmoja, Joseph Brackett, huko Maine, na ni wimbo wa kuchezwa ibadani: maneno yake yenyewe yanakuambia uiname, ugeuke. Copland aliukuta kitabuni, akauchukua mzimamzima, akawa anauvua nguo hii na kuuvika ile mpaka unasimama umejaa ukumbi. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Washaker hawaoi wala hawaolewi! Wanaume na wanawake waliishi katika nyumba moja, lakini kila upande na ngazi zake. Basi wimbo ulio moyoni mwa harusi ile ya wakulima wa Pennsylvania inayochezwa jukwaani umeazimwa kwa watu walioikana ndoa. Na aliyeuazima ni mtoto wa Brooklyn, wazazi wake Wayahudi waliohamia kutoka milki ya Warusi. Sisemi ni kosa. Nauimba nikiosha vyombo. Nasema tu kwamba wimbo ni wa wenyeji, harusi siyo.

Stravinsky kaenda kinyume. Kwa maelezo yake mwenyewe, wimbo wa asili aliouingiza mle ni mmoja tu, tena wa wafanyakazi wa kiwandani. Mengine kayafinyanga mwenyewe. Alichochukua ni maneno, kutoka mkusanyiko wa nyimbo za harusi za wakulima wa Urusi uliokusanywa na Kireevsky karne ya 19, na pamoja na maneno akachukua utaratibu wenyewe wa shughuli: nywele za bibi harusi zinasukwa, bwana harusi anaandaliwa, binti anaagwa, halafu karamu. Alikwenda kutafuta vitabu hivyo kwao mwaka 1914, vita vikazuka, naye akabaki Uswisi na harusi yake mfukoni. Vyombo vilimtesa kwelikweli. Alijaribu okestra kubwa, akaiacha. Akajaribu piano inayojipiga yenyewe pamoja na simbalomu mbili, ambazo ni kama kanuni ya taarab ila hugongwa kwa vijiti. Watu na mashine hawakuweza kwenda pamoja. Mwisho akatulia na piano nne, ngoma na vyombo vya kugongwa, kwaya na waimbaji wanne, ikachezwa Paris tarehe 13 Juni 1923. Miaka tisa hiyo, kwa kitu kisichofika hata nusu saa.

Nikurudishe kwa Mama Mdogo. Unamjua, amefunda wari wengi, na muziki wa Kizungu kwake wote ni mmoja. Juzi alikuwa barazani anachambua mchele, mimi nimeifungulia Les Noces ndani. Ile sauti ya mwanzo kabisa ya mwanamke, inayokatika katika kama kwikwi, haikumaliza dakika moja akaniita: "Huyo wanamsuka?" Nikamjibu ndiyo, wanamsuka. "Basi ndiyo maana analia." Akaendelea na mchele wake. Hajui neno hata moja la Kirusi! Tangu siku hiyo wewe na karakana yako mmeshindwa kesi kwangu.

Halafu sikiliza hili. Mle ndani hakuna mwimbaji mwenye nafasi yake. Maneno ya bwana harusi mara anayaimba huyu, mara yule mwenye sauti nzito. Soprano, yule mwanamke wa sauti ya juu aliyekuwa analia kwa niaba ya binti, kwenye karamu anageuka kuwa bata bukini. Ndivyo shughuli ilivyo: binti amekaa kimya, wanaosema ni wengine wote, tena wote kwa pamoja. Bronislava Nijinska, aliyepanga uchezaji, aliliona hilo. Alizikataa nguo za rangirangi alizochorewa kwanza, akawavalisha wote kahawia na nyeupe, akawapanga wasichana vichwa juu ya vichwa kama kichuguu, na misuko mirefu ikining'inia. Kwa Graham bibi harusi anacheza peke yake, ana hofu na furaha zake, anamtazama mumewe. Kwa Nijinska hakuna aliyemuuliza kitu.

Kuna mahali, binti ameshaondoka na watu wote wametoka, wanabaki mama wawili, wa kwake na wa bwana harusi, wanaomboleza. Hapo huwa nasimama. Ukisikiliza, usiwe unapika.

Na mwishoni usizime mapema kama ulivyozima ile mara ya kwanza (najua ulizima). Bwana harusi anamwimbia mkewe, kisha sauti za watu zinaisha, zinabaki piano na kengele zinagonga, zinanyamaza, zinagonga tena. Kila pigo linaachwa life lenyewe. Weka vyombo vya masikioni usubiri.

Mama Mdogo anakusalimu, anasema ukija umletee udi ule wa safari iliyopita, si ule wa bei rahisi.

Ni mimi shoga yako wa tangu utoto.