Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka ile Uganda ya jukwaani iwe sinema

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu uliyoimba. Unataka The Book of Mormon, ule mchezo wa nyimbo na kejeli kuhusu wamisionari wa Kimormoni kutoka Marekani, utoke jukwaani uwe filamu, na unasema ukipewa kazi hiyo wewe, hutagusa hata neno moja. Nakujibu hadharani kwa sababu kwenye kundi la ukoo umeshajikusanyia wapambe, nami nimebaki peke yangu.

Sisemi mchezo ni mbaya. Tulipoutazama pamoja pale ukumbi wa Prince of Wales, London, nilikuwa nafuta machozi ya kicheko hata mapumziko hayajafika. Trey Parker na Matt Stone, wale wa katuni za South Park, walikaa na Robert Lopez wakatunga kitu kilichozinduliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, Machi 2011, na mwaka huohuo kikazoa tuzo 9 za Tony, zile za michezo ya jukwaani. Mmisionari kijana, Elder Price, anaomba apelekwe Orlando, anapangiwa Uganda. Mwenzake Cunningham hata kitabu chenyewe hajakisoma, kwa hiyo akibanwa na maswali anachanganya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lao, na vyura na Star Wars, na mahubiri yanakolea. Kanisa la Mormoni nalo likanunua kurasa za matangazo kwenye kijitabu cha onyesho, likiwaalika watazamaji wakakisome kitabu halisi. Kwa hilo nililivulia kofia.

Ninapokwama ni Uganda. Wewe umekulia huko baridini. Sisi wa Bukoba, Kampala ndiko tunakokwenda kununua vitu. Basi likivuka mpaka wa Mutukula tumeshaingia Uganda. Sasa tazama Uganda ya mchezo. Nabulungi, binti wa kijiji, katika toleo la awali anabofya taipureta akidhani anatuma meseji. Jenerali mwenye jina la matusi kachotwa kwenye vita vya Liberia, ambako kweli palikuwa na kamanda aliyejulikana kwa jina linalokaribia hilo. Na kutoka Monrovia hadi Kampala ni kukatiza bara. Jenerali huyo anatishia kukeketa wanawake wa kijiji, wakati Uganda ukeketaji ulikuwa wa jamii chache za mashariki, wanaojulikana zaidi wakiwa Wasabiny wa Kapchorwa, na sheria ya kuupiga marufuku ni ya 2010. Hata wimbo wa kuwapokea wageni, ule unaoifanyia shere hakuna matata, umetungwa kwa maneno ambayo hakuna Mganda anayeyazungumza.

Najua utasema: mjomba, huo ndio utani wenyewe, anayechekwa ni Mmarekani aliyejifunza Afrika kwenye The Lion King. Nakubali, ila jukwaani tu. Ukikaa mbele ya jukwaa umeshakubali kudanganywa. Ukuta wa matope ni mbao, jua ni taa, na kijiji kizima ni kazi ya maseremala wa New York. Kamera haikupi nafasi hiyo. Ikikuonyesha kijiji, mtu wa Ohio ataondoka akiamini ameona kijiji. Utani uliokuwa unamchoma yeye utakuwa umemthibitishia alichokuwa anakidhani siku zote.

Na hilo la kutogusa neno, wenye mchezo wameshaligusa. Mwaka 2020 waigizaji weusi waliowahi kuucheza waliandika barua kueleza yanayowakera, na kabla ya kufungua tena 2021 watunzi wakarudi kwenye muswada wakarekebisha. Unataka kuwa mkali kuliko wao?

Ungekuwa mradi wangu, ningeiba mbinu ya Chicago. Nao ulikuwa mchezo wa nyimbo na kejeli, wa 1975, na kuna waliodhani hauwezi kuingia kwenye filamu, kwa sababu watu wanaoanza kuimba ghafla mahakamani wanachekesha vibaya. Mwaka 2002 Rob Marshall alizihamishia nyimbo nyingi kichwani mwa Roxie, mhusika mkuu: maisha ni ya kijivu, ndoto ina taa na ngoma. Filamu ikachukua Oscar ya filamu bora. Basi Uganda ya mbao na rangi ibaki kichwani mwa Price. Akianza kuimba, tunaona nyasi za plastiki, simba, jenerali, vyote kama vilivyo jukwaani. Wimbo ukikatika, yuko kando ya barabara halisi, bodaboda inampigia honi, muuza rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, anamuuliza mayai mangapi, na kibanda cha kutuma pesa kwa simu kina foleni ndefu kuliko kanisa lake.

Ndani ya ndoto hizo ningeongeza sauti ya VJ, yule anayeifasiri na kuitania filamu ya kigeni inapoonyeshwa. Hapa ndipo nitakapogombana na watayarishaji, lakini sirudi nyuma. Wewe hukuwahi kukaa kibanda umiza ukamsikia Lufufu akiifasiri filamu ya kigeni, akimpa shujaa ushauri na kumtukana adui kwa niaba yetu sote. Kampala wana VJ Jingo, na wana VJ Emmie, ambaye sauti yake imo ndani kabisa ya Who Killed Captain Alex?, ile filamu ya 2010 ya Nabwana I.G.G. kutoka Wakaliga. Sasa mpe mtu wa namna hiyo ndoto za Elder Price azisimulie kwa Kiganda, na manukuu chini. Jenerali anatokea, VJ anauliza huyu kapandia basi gani kutoka Liberia. Watazamaji wa Ohio watagundua kwamba kuna watu wa pili ukumbini, na wao wanacheka kwa sababu nyingine.

Wimbo mmoja tu ningeutoa kichwani mwa Price: ule mchezo ambao wanakijiji wanawaigizia wakubwa wa kanisa habari za Joseph Smith kama walivyofundishwa. Huo uchezwe kweli, mchana kweupe, watoto wakirekodi kwa simu. Halafu ile sehemu mwanamke anapomshangaa Nabulungi kwa kudhani Salt Lake City, makao ya kanisa huko Marekani, ni mahali kweli, wakati wenzake wote walijua ni mfano, ipewe muda. Jukwaani inapita haraka mno. Kwangu ndiyo kiini cha mchezo: aliyedhaniwa mjinga alielewa tangu mwanzo.

Nabulungi achezwe na Mganda. Hilo halina mjadala.

Ukianza kuandika, anzia uwanja wa Entebbe. Price anashuka, ngoma zinaanza kichwani, anafungua mdomo aimbe, na ofisa aliye mezani anamkatisha: kadi ya homa ya manjano iko wapi?

Mjomba wako,
Bukoba