Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi: maji ya muhogo tunayomwaga yanaweza kutoa sabuni

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Sisi wanaklabu wa kidato cha tatu na cha nne tunashukuru sana umefika, maana barabara ya huku mvua ikinyesha tunaijua wenyewe.

Mheshimiwa, ukija huku lazima upite pale kwenye mashine ya muhogo na ile harufu bila shaka umeisikia. Mama zetu wanakuna muhogo, wanajaza kwenye viroba, wanakamua kwa jeki, halafu yale maji meupe yanatiririka mpaka mtaroni, nyasi pale hazioti na mbuzi akiyanywa anaweza kufa kwa sababu muhogo mchungu una sianidi. Tulianza klabu tukitaka tu kujua yale maji yapelekwe wapi. Kumbe ni chakula! Yana sukari, yana naitrojeni, yana madini ya chuma na manganizi, na kuna bakteria anaitwa Bacillus subtilis, wa kwenye udongo na nyasi kavu, akilishwa vitu hivyo na akipata hewa ya kutosha anatoa kitu kinachofanya kazi kama sabuni. Kinaitwa bayosafaktanti.

Sabuni yoyote ile molekuli yake ina upande unaoshika maji na upande unaoshika mafuta, ndo maana uchafu unatoka kwenye sahani. Tofauti ni kwamba viungo vya sabuni nyingi za unga na za maji za dukani vinatengenezwa kiwandani kutoka kwenye petroli au mafuta ya mawese, hivi vya bakteria vinatengenezwa na kiumbe hai na vinaoza kirahisi vikifika mtoni. Cha huyu Bacillus kinaitwa safaktini, Wajapani walikitangaza mwaka 1968, na kina nguvu kwelikweli: ule mkazo wa juu ya maji, ule unaofanya mdudu atembee juu ya dimbwi asizame, kwa maji safi ni 72 kwa kipimo cha millinyutoni kwa mita, safaktini kidogo tu inaushusha mpaka 27. Na Brazil, ambako nao ni watu wa muhogo kama sisi, watafiti Nitschke na Pastore walichapisha mwaka 2006 kwamba walimlisha bakteria huyu maji ya muhogo na kwa saa 48 wakapata kama gramu 3 kwa kila lita. Tuliposoma hiyo tulikaa kimya darasani, maana maji yaleyale tunayaruka kila asubuhi tukija shule.

Basi tukajaribu. Bakteria tulimtafuta kwa kuchemsha nyasi kavu, wengine wanakufa ila yeye ana mbegu ngumu zinazovumilia moto. Maji ya muhogo tukayachuja, tukayachemsha nje kwenye upepo ili sianidi ipungue, tukaweka kwenye chupa na pampu ndogo ya hewa ile ya kufugia samaki. Siku ya pili povu likapanda likatoka mpaka mezani likaondoka na nusu ya kazi yetu, na baadaye tukasoma kwamba hata viwandani povu ndo linawasumbua, wengine wameamua kulikusanya hilohilo povu kwa sababu ndimo safaktini inamojaa. Mara ya tatu tulifanikiwa. Tulipaka kioo oili, tukadondosha tone la maji ya kawaida likasimama duara, tone la maji ya muhogo yaliyochemshwa tu nalo likasimama, tone la kwenye chupa yetu likalala chapati papo hapo. Mwalimu alituambia tusiseme tumepata safaktini, tuseme tumepata kitu kinacholaza tone, kwa hiyo ndivyo tunavyosema mbele yako.

Kuna bakteria mwingine anasifiwa sana, Pseudomonas aeruginosa, anatoa ramnolipidi, nayo ni bayosafaktanti, ila huyo anaingia kwenye vidonda na kuleta maambukizi mabaya, mwalimu alikataa asiingie maabara ya shule na tunaona alikuwa sahihi. Tunachotamani zaidi ni ile hamira iitwayo Starmerella bombicola, hiyo ukiipa sukari pamoja na mafuta inatoa soforolipidi, bayosafaktanti nyingine, zaidi ya gramu 100 kwa lita, na mafuta yaliyotumika kwenye mabanda ya chipsi yapo kila kona, yanamwagwa au mbaya zaidi yanarudiwa kukaangia.

Hatutaki kukudanganya kwamba ni rahisi. Mwaka 2024 kampuni ya Evonik ilifungua kiwanda kikubwa cha ramnolipidi kule Slovakia, na wao wanatumia sukari ya mahindi, sio taka. Kwa mtazamo wetu sababu inaeleweka, maji ya muhogo ya leo sio ya kesho, yana wanga, yana udongo, na kusafisha bidhaa ya mwisho ndo kunakula pesa, inasemekana mpaka asilimia 60 ya gharama yote. Lakini kuoshea jeki na sakafu za mashine ya muhogo hakuhitaji bidhaa safi kama ya kupaka usoni, na hapo ndo sisi tunapaona.

Kwa hiyo Mheshimiwa tunaomba sufuria ya presha ya kuulia vijidudu, mita ya pH, yaani ya kupima ukali wa asidi, kwa sababu safaktini inaganda na kutuama ukishusha pH mpaka 2 na sasa hivi tunakisia kwa karatasi, na zaidi ya vyote utuombee nafasi chuo kikuu cha SUA pale Morogoro watupimie chupa zetu tujue kilichomo ni nini hasa na sianidi imebaki kiasi gani, kabla mama zetu hawajakishika kwa mikono.

Kioo kimeshapakwa oili, kipo meza ya kwanza kushoto na dropa ipo pembeni. Tunaomba tone la leo ulidondoshe wewe, Mheshimiwa. Karibu sana.